Vuli Tuliyowafunga Mbwa

Kishanda, Jumapili, 2 Oktoba 1955

Mvua ilitushika wakati tunatoka kanisani, tukabanana chini ya paa la mbele, na mkungu, mkuu wa kijiji, akapata nafasi ya kutusemesha bila mtu kumkimbia. Alisema kichaa cha mbwa kimeonekana ng'ambo ya vilima, upande wa machweo, na kinakuja. Kila mwenye mbwa amfunge kamba nyumbani. Siku ikitangazwa, mbwa wote wapelekwe sokoni Muleba wakachomwe sindano ya kinga na kuvishwa kibati shingoni. Atakayekutwa anazurura bila kibati atapigwa risasi.

Kisha akamsogeza mbele kijana mmoja mwenye viatu vya mpira, msaidizi wa bwana mifugo. Anaitwa Buberwa, mtu wa Kaagya. Yeye hakutisha mtu. Alisema, "Sindano hukamata vizuri kwa mbwa mwenye afya. Aliyekonda, mwenye minyoo, aliyejaa kupe, nikimchoma nitakuwa nimemwaga dawa chini. Basi waanzeni kuwalisha leo."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Nimlishe mbwa, na watoto wangu walishwe na nani?"

Baba mkwe wangu, Lwakatare, hakucheka. Aliinua kola ya koti akaingia mvuani peke yake. Ana mbwa watano wa kuwinda, kila mmoja na njuga yake shingoni, na mtu anayetaja neno kamba mbele yake ni sawa na anayetaja jela.

Nimeamua kuandika. Daftari hili ni la siku nilizokuwa mwalimu, kabla sijaolewa na Datius na kuletwa hapa. Datius yuko Bukoba mjini, fundi seremala. Mimi niko hapa kibanjani, kwenye nyumba na migomba ya ukoo, na wazazi wake na binti yetu Kokuberwa, mwenye miaka minne. Tangu mchana nimesimama mlangoni mara nyingi kutazama njia, kana kwamba kichaa hicho ni mgeni aliyetuma salamu.

3 Oktoba

Mvua. Njuga zimelia kibanjani siku nzima. Hakuna aliyefungwa.

5 Oktoba

Yuko mbwa wa sita ambaye hana njuga. Jike, rangi yake kama kahawa iliyokauka, ndiyo maana Kokuberwa anamwita Buni. Alizaa mwezi wa nane, watoto wakafa wote, na tangu hapo yeye mwenyewe amebaki mifupa. Hulala nyuma ya jiko kwenye majivu. Lwakatare akipita hamtazami. "Huyo amekwisha," alisema siku moja, na huo ndio urithi aliompa.

Leo nilimkuta Kokuberwa amemlaza Buni kichwa mapajani na kumpa ganda la ndizi. Mbwa analitafuna kwa adabu, kama mgeni anayekula asichokipenda. Nikamwondoa mtoto. Halafu nikamtazama mbwa: ufizi mweupe, tumbo limevimba, kupe masikioni wamepangana kama punje za ulezi. Huyu akipelekwa Muleba atakataliwa. Akikataliwa hatakuwa na kibati. Na asipokuwa na kibati nitamweleza nini mtoto?

8 Oktoba, Jumamosi

Nilimpata Buberwa sokoni, amesimama kwenye upande wa nyama akizungumza na wachinjaji. Nikamweleza habari za Buni.

"Unampa nini?" akauliza.

"Maganda ya ndizi. Makombo."

"Hicho ni chakula cha mbuzi, mama. Mbwa anataka nyama, samaki, damu, maziwa kama yapo. Si kingi, ila kila siku. Na maji safi, si ya dimbwi. Mifupa ya kuku usimpe, itamtoboa utumbo."

Akanipa vidonge vya minyoo vilivyofungwa kwenye karatasi. Akaniambia nimfunge kamba ndefu mahali penye kivuli, na kupe niwang'oe kwa kidole bila kuwavunja kichwa. Nikarudi na kifungu cha furu wakavu, wale samaki wadogo wanaoletwa na akina mama kutoka kisiwa cha Bumbire, na damu ya ng'ombe kwenye kopo. Njia nzima nilificha kopo chini ya kitenge kama mwizi.

9 Oktoba

Mama mkwe, Klaudia, amenusa furu kwenye chungu kidogo.

"Hao wa nani?"

"Wa Buni, Mae."

Aliketi kwenye kigoda, mikono magotini. "Mbwa anakula samaki Kishanda. Jirani akisikia tutaitwaje?"

Nimemfunga Buni nyuma ya jiko kwa kamba ya katani. Analia. Kokuberwa naye analia kwa sababu Buni analia.

12 Oktoba

Minyoo imetoka. Sitaandika zaidi ya hapo.

15 Oktoba

Anakula. Kila nikisikia mbwa akibweka mbali, natoka nje kutazama njia.

20 Oktoba

Nimegombana na Lwakatare, ikiwa mtu anaweza kuita ugomvi yale maneno anayosema mkwe akitazama chini.

Nilimwambia kwamba Bwana Buberwa amesisitiza mbwa wafungwe wote. Akasema mbwa wa kuwinda akifungwa hupoteza miguu. Nikasema wamekonda, sindano haitakamata. Akasema mbwa aliyeshiba hulala, na swala hawamngojei aamke. "Wewe lisha wako. Wangu niachie."

Niliondoka nikiwa na hasira. Nilimwona mtu mgumu, anayependa mlio wa njuga kuliko wanyama waliozibeba.

Lakini jioni, nikiteka maji ya kupikia, nilimwona ameketi kwenye jiwe mbele ya nyumba. Mbwa wake mkubwa, Tibamanya, amesimama kati ya magoti yake. Lwakatare alikuwa akipitisha vidole kwenye manyoya yake polepole, kuanzia sikio hadi mkia, chini ya tumbo, katikati ya vidole vya miguu. Kila kupe aliyempata alimtupa kwenye kigae chenye moto. Alipomaliza, alimsukuma kidogo, akaja wa pili bila kuitwa. Wote watano walikuwa wamepanga foleni. Klaudia anasema hufanya hivyo kila jioni, mvua isimame au isisimame, na mimi kwa miaka mitano sikuwahi kutazama.

23 Oktoba, Jumapili

Imetangazwa: Muleba, Ijumaa ijayo.

27 Oktoba

Mvua imekata daraja. Gari la dawa haliwezi kupita. Imesogezwa mbele wiki moja.

30 Oktoba

Tulikuwa tunamenya ndizi, Klaudia na mimi. Nikamuuliza kwa nini mzee anaichukia sindano hivi. Alimaliza ndizi mbili kabla ya kujibu.

"Wewe ulikuwa mtoto. Walikuja watu wenye bunduki, wakasema leteni mbwa wote tuwaangalie, kuna ugonjwa. Lwakatare akawa wa kwanza kupeleka. Aliwaogesha kwanza. Wakamwambia awafunge kwenye mti, wote pamoja, halafu arudi nyuma." Akachukua ndizi nyingine. "Hakuwahi kusema walikuwa wangapi. Alirudi na kamba."

"Hii si ile, Mae. Hii ni dawa."

"Mimi najua. Nenda kamwambie mtu aliyerudi na kamba."

3 Novemba

Daraja bado. Imesogezwa tena. Buberwa ametuma habari kuwa ng'ambo ya kilima cha pili mbuzi wameumwa na mbwa asiyejulikana.

Buni ameanza kung'aa manyoya. Ufizi umekuwa mwekundu. Asubuhi aliruka kamba ilipoishia akajiangusha mwenyewe, na Kokuberwa akacheka mpaka akakaa chini. Klaudia alipita na sufuria ya mchuzi wa utumbo wa mbuzi, akaumimina kwenye kigae cha Buni bila kunitazama.

5 Novemba

Mvua. Mvua. Njuga.

8 Novemba

Siwezi kukaa kitako. Naanza kufua, naacha. Nafagia uani, nasikia kitu migombani, nasimama na ufagio. Nimemkataza Kokuberwa kwenda hata kisimani. Ananiuliza mbwa mwenye kichaa anafananaje. Nimeshindwa kumjibu, maana sijui.

12 Novemba, Jumamosi

Sasa najua.

Senene, panzi wetu wa kuliwa, walishuka alfajiri. Tuliwasikia kabla hatujawaona, kisha kelele za watu zikafuata kutoka kila kibanja, na sote tukatoka na vikapu kwenda rweya, kule kwenye majani nje ya migomba. Ukungu ulikuwa umelala chini. Wanawake waliinama, watoto wakakimbia, kila mmoja akivua senene kwenye majani yenye umande na kucheka. Hata mimi nilisahau. Kikapu changu kilikuwa nusu.

Lwakatare alikuwa upande wa juu na mbwa wake watano, anakwenda kuwinda. Senene ni kazi ya wanawake.

Mbwa alitoka kwenye ukungu upande wa bonde. Mbwa wa kawaida, wa manjano, si mkubwa. Hakubweka. Alitembea katikati ya watu kama vile hatuko, kichwa chini, mate yakining'inia mpaka kwenye majani, na kila hatua chache aliuma kitu: jani, kijiti, hewa. Alipita karibu na kikapu cha jirani yangu akakiuma, akakiacha. Hakuna aliyepiga kelele. Nilimshika Kokuberwa nikambeba juu ya bega, nikasimama pale pale.

Kisha njuga zikalia. Tibamanya alimwona. Mbwa wa Lwakatare waliteremka kama wanavyomteremkia nguruwe, wakakutana naye pale pale. Sijawahi kusikia sauti kama ile aliyotoa yule wa manjano. Ilikuwa kama ya mtu anayejaribu kuita akiwa amekabwa. Lwakatare alikuja akikimbia, mzee yule, akaingiza mikono katikati yao akamvuta Tibamanya kwa shingo. Wanaume wakafika na marungu. Ikaisha.

Watu waliokota vikapu vyao. Wengine walirudi kuvua senene! Lwakatare alisimama kando, ameviringisha mkono wa kushoto kwenye ncha ya shuka.

"Umeumia, Tata?" nikamuuliza.

"Mwiba," akasema. "Yule alikuwa na njaa tu. Mpeleke mtoto nyumbani."

Walimfukia yule mbwa pale pale. Jioni Lwakatare aliketi kwenye jiwe kama kawaida. Lakini leo alimkagua kila mbwa mara mbili, na hakumtupa kupe yeyote motoni.

13 Novemba, Jumapili

Nyumba nzima inanuka senene wa kukaanga. Hakuna anayezungumzia jambo la jana. Mbwa wanakula, wanacheza, wazima kabisa. Nilipomgusia Klaudia alisema, "Mwachie mzee mambo ya mzee."

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napima. Nikisema, watakuja na bunduki, na mzee atarudi na kamba mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nisiposema, mbwa watano wanalala mlangoni petu, na Kokuberwa huwapita kila siku akienda chooni.

14 Novemba

Nimekwenda Muleba kwa miguu. Niliwaambia naenda kutafuta chumvi. Nilimkuta Buberwa anapanga chupa, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikiketi nitageuza maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao mbwa wako wazima," nikamwambia. "Leo asubuhi walikuwa wanacheza."

"Watakuwa wazima wiki mbili, labda mwezi, labda zaidi," akasema. "Hiyo ndiyo hila yake. Sindano yangu ni ya kuzuia, mama. Kwa aliyekwisha kuumwa na hana kinga, siwezi kumwamini tena akae na watoto."

Nimerudi bila chumvi. Klaudia ameona. Hakuuliza.

15 Novemba

Walikuja asubuhi, Buberwa na askari mmoja mwenye bunduki, wamelowa hadi magotini. Kwanza walikuwa wamepita rweya kufukua kichwa cha yule mbwa ili kipelekwe kupimwa. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyoisha. Lwakatare alikuwa mlangoni. Alitazama bunduki, kisha akanitazama mimi, mara moja tu, nami nikajua amejua.

Buberwa alimsalimu kwa heshima, kwa Kihaya, akimwita waitu. Akaeleza bila haraka. Aliyeumwa hawezi kuachwa. Asiyeumwa atafungwa, atachunguzwa, atachomwa siku ya chanjo. "Lakini mimi, waitu, sikuwapo. Manyoya yanaficha jeraha. Nisipojua nani ameumwa, itanibidi niwachukue wote."

"Na yule wa nyuma ya jiko?" Lwakatare akauliza.

"Huyo alikuwa kwenye kamba," nikasema. "Hakufika rweya."

Nilikuwa namwona anavyofikiri. Angeweza kusema hakuna aliyeumwa. Angeweza kusema mmoja, yule dhaifu. Nani angembishia? Mbwa watano wamesimama wakitikisa mikia, wanamnusa askari viatu.

Alikwenda akaketi kwenye jiwe lake, mvuani.

"Tibamanya," akaita.

Mbwa akaja akasimama kati ya magoti yake. Lwakatare alipitisha vidole vyake nyuma ya sikio la kulia, akafunua manyoya, akamwonyesha Buberwa. "Hapa. Na hapa chini ya taya." Akamfungua njuga akaiweka chini. "Huyu."

Akaja wa pili. Alimkagua polepole, ingawa mimi nilijua ameshamkagua tangu Jumamosi na anajua kila kitu. "Huyu hapana. Alibaki nyuma, ana mwiba mguuni." Akaja wa tatu. "Huyu, begani." Wa nne, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alimlamba kidevu. Lwakatare alikaa naye muda. "Huyu, mdomoni. Tundu dogo. Usingeliona." Wa tano hapana.

Njuga tatu zilikuwa zimelala matopeni. Buberwa alikuwa ameinamisha kichwa. Askari akasogea, nikadhani yamekwisha.

Lwakatare akafungua ncha ya shuka aliyokuwa ameviringisha mkononi tangu Jumamosi. Chini ya kidole gumba palikuwa na alama za meno, zimeanza kukauka. Akaunyoosha mkono kwa Buberwa, kama alivyowaonyesha wengine.

"Na huyu," akasema.

Klaudia alitoa sauti mlangoni. Buberwa aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kuomba maji na sabuni, kwa sauti ya juu, mara tatu, mpaka nikashtuka nikakimbilia mtungi. Aliuosha mwenyewe, kwa muda mrefu, akisema maneno ya hospitali, Bukoba, kesho bila kukosa.

Lwakatare aliwapeleka wale watatu nyuma ya kibanja yeye mwenyewe, bila kamba. Walimfuata. Aliomba askari aanze na Tibamanya ili asiwaone wengine wakianguka. Sikuenda. Nilimziba Kokuberwa masikio na kumwimbia, na kila mlio ulipopita nilijikuta nimekosea maneno.

16 Novemba

Tumevuka kwa mtumbwi penye daraja lililokatika, kisha lori la kahawa mpaka Bukoba. Klaudia miguu yake haimruhusu safari, kwa hiyo nimekuja mimi. Mtoto amebaki naye. Lwakatare aliketi juu ya magunia akiutazama mkono wake. Hakuinua macho mpaka tulipoliona ziwa.

19 Novemba, Bukoba

Kila asubuhi sindano ya tumboni. Mganga anasema ni nyingi, asikose hata siku moja. Tumbo limevimba upande mmoja, wanahamia upande wa pili. Mzee halalamiki. Tunakaa kwenye chumba cha Datius, chenye harufu ya mbao na gundi. Datius huondoka mapema kazini, na akirudi anamtazama baba yake kama ngazi iliyolegea.

Nimekata shauri kumuuliza mganga dalili ni zipi. Alisema mengi, lakini nililolishika ni hili: mtu anaanza kushindwa kunywa maji. Koo linakataa. Hata kuyaona tu. Na inaweza kuchukua miezi kabla ya kuonekana.

Kwetu si adabu mkwe kumtazama baba mkwe wake anapokula au kunywa. Unaweka chakula, unageuka. Leo niliweka kikombe, na sikugeuka.

22 Novemba

Amekunywa. Nusu.

23 Novemba

Amekunywa chote. Nilikaa dirishani bila kufanya kitu mpaka adhuhuri.

26 Novemba

Baada ya sindano alitaka kutembea. Tulikwenda mpaka ufukweni, yeye mbele, mimi nyuma kama inavyopasa. Ziwa lilikuwa na mawimbi ya kijivu. Akasimama, na bila kugeuka akasema:

"Ni wewe uliyekwenda Muleba."

"Ni mimi, Tata."

"Ulisema unafuata chumvi."

"Nilidanganya."

Aliokota jiwe dogo akalitupa majini.

"Mimi ningenyamaza," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Ningewaficha mbwa, ningeuficha na mkono. Wale wa zamani niliwapeleka mwenyewe kwa sababu niliambiwa, nikaapa mbwa wangu hatapelekwa tena." Akapangusa uso, sijui mvua, sijui nini. "Lakini yule kijana aliniuliza. Watu wa bunduki wa zamani hawakuniuliza nani mgonjwa na nani mzima. Yeye aliuliza, na mimi ndiye niliyejua. Mtu akikuuliza unachokijua, utamwambia nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilimhesabu kuwa mtu asiyejali. Sikuweza. Nikasema, "Upepo mbaya, Tata. Turudi."

28 Novemba

Jibu la kipimo cha kichwa cha yule mbwa limefika hospitali. Ni kichaa kweli. Mganga amesema bila zile sindano asingeahidi kitu, na pamoja nazo anaahidi kidogo zaidi.

1 Desemba

Sindano zimekwisha. Kesho nyumbani.

3 Desemba, Kishanda

Kokuberwa amerefuka. Buni amenenepa. Klaudia amekuwa akimpa maziwa ya mtindi, na anasema hakuna aliyemwambia afanye hivyo, ameamua mwenyewe kwa sababu mbwa huyo ana macho ya kudai. Wale wawili waliobaki wamefungwa kamba karibu na ghala. Wamezoea kidogo. Lwakatare aliwakagua kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto bado unauma. Kisha akanijia jikoni, akasimama nje ya mlango.

"Hawa wawili mbavu zinahesabika. Yule kijana atawakataa?"

"Huenda."

"Wape hao samaki wako."

6 Desemba

Daraja limetengenezwa. Chanjo Jumamosi. Mzee amekunywa maji asubuhi na mchana.

10 Desemba, Jumamosi

Soko la Muleba lilikuwa limejaa watu, lakini mbwa walikuwa wachache. Wazee wa kuwinda walikuja mikono mitupu, wakasimama mbali kutazama. Walishasikia habari za bunduki kwetu, na habari zilipofika kwao zilikuwa zimekua: kwamba mbwa wote waliuawa, kwamba sindano yenyewe ndiyo iliyomtia Lwakatare ugonjwa.

Buberwa alikuwa na meza, chupa, vibati vimetungwa kwenye waya. Alikuwa amekata tamaa, ilionekana mabegani.

Lwakatare alifika na mbwa watatu. Wale wawili aliwashika yeye, Buni nilimshika mimi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya wenzake, si mbele ya meza. Akafungua vifungo vya shati. Tumbo lake lilikuwa na madoa ya njano na zambarau kuanzia mbavuni hadi kiunoni.

"Tazameni," akasema. "Mlisikia nimekufa. Hizi nilichomwa kwa sababu nilichelewa. Kila siku tumboni, mpaka mchomaji mwenyewe anakosa mahali. Mbwa wenu anachomwa mara moja, kwenye paja, basi. Nani kati yenu anataka zangu?"

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha mmoja akasema, "Funga shati, Lwakatare, kuna wanawake," na hapo wakacheka wote.

Buni alitangulia. Buberwa alimfungua mdomo, akatazama ufizi, akapapasa mbavu na tumbo, akanyanyua masikio. "Huyu ndiye yule wa maganda ya ndizi?"

"Ndiye."

"Sikumtambua." Akamchoma. Buni aligeuka kunusa sindano, basi. Wale wawili wengine nao wakapita, ingawa mmoja Buberwa alimkunjia uso na kusema aendelee kulishwa.

Tulipokuwa tunaondoka niliwaona wazee wawili wanatoka sokoni haraka. Nikadhani wamechukia. Baada ya muda tukakutana nao njiani wakirudi, kila mmoja anavuta mbwa kwa kamba ya mgomba, na mbwa wenyewe hawajawahi kuvutwa maishani mwao, wamekaza miguu yote minne.

17 Desemba

Mvua zinapungua. Amekunywa.

25 Desemba

Noeli. Datius yupo. Amekunywa maji, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, zaidi ya maji.

30 Desemba

Leo kikombe kilimponyoka, kikavunjika. Nilishika mlango. Yeye aliangalia vipande, akaniangalia, akasema taratibu, "Ni mkono, mwanangu. Si koo. Bado una ganzi. Niletee kingine." Nikaleta. Akanywa huku ananitazama machoni, jambo ambalo si adabu kwangu wala kwake, mpaka tone la mwisho.

8 Januari 1956, Jumapili

Jua kali. Kahawa imeanza kuonyesha maua. Buni yuko kwenye joto, anataka dume. Majike wa majirani nao vilevile, na mbwa dume wa kijiji kizima wamejazana nje ya ua, kila mmoja na kibati chake kinachong'aa. Kokuberwa anawafukuza kwa fimbo. Lwakatare anasema mmoja wao hafai na mmoja anafaa, na ataamua yeye.

Asubuhi nilimpa mzee maji, nikachukua jembe nikaenda kupalilia. Nilikuwa nimefika katikati ya shamba, jasho linanitoka, nawaza kama tutapata furu wa kutosha Buni akishika mimba, ndipo nikakumbuka kwamba sikumtazama akinywa.

Nilisimama kidogo. Kisha nikaendelea kulima.